Hili Halikuanguka

Ba'mdogo wangu ni fundi mwashi, na ukitoka matembezi na fundi mwashi usijiwekee saa ya kufika. Kila ukuta kwake ni mazungumzo. Alipokuja kunitembelea Glasgow kwa wiki mbili, siku tatu za kwanza alizimalizia mtaani kwetu, akipapasa maungio ya mawe ya nyumba za watu na kuniambia ni fundi yupi wa zamani alikuwa mvivu. Siku ya nne akasema basi, sasa anataka kupelekwa kwao Livingstone.

Sikushangaa. Sisi ni watu wa Bagamoyo. Kule kwetu mtoto anamjua Livingstone kabla hajajua kusoma, kwa sababu ya ule mnara wa kanisa la zamani pale misheni. Maiti yake ililazwa pale Februari 1874, ikiwa imebebwa kwa miguu miezi kadhaa kutoka kijiji cha Chitambo, kabla ya kuvushwa Unguja na kwenda kuzikwa London. Ba'mdogo amepita mbele ya mnara ule maisha yake yote. "Nataka nione alikotoka," alisema, "nikirudi niwanyamazishe wale wanaojitia wanajua."

Jumapili tukapanda treni hadi Blantyre, mji mdogo jirani na Glasgow. Makumbusho yako kwenye jengo lenyewe alimozaliwa, tarehe 19 Machi 1813, katika chumba kimoja cha familia nzima kwenye makazi ya wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Alipofika miaka kumi akaingizwa kiwandani, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Ba'mdogo alisikiliza tafsiri yangu kwa adabu, mikono nyuma, kama mtu aliyekwenda kutoa pole. Palipotajwa Chuma na Susi, watumishi wake walioibeba ile maiti, ndipo alipoamka. "Hao ndio wenye kazi," akasema, na hakutaka tuondoke pale haraka.

Nilidhani safari imekwisha. Lakini nyuma ya makumbusho kuna mto, Clyde, na juu ya mto kuna daraja la waenda kwa miguu, na ukivuka na kufuata njia ya ng'ambo kuelekea upande mto unakoshukia, miti ikikupisha, unatokea mbele ya ngome ya Bothwell. Mimi nilikuwa nimewahi kufika mara moja na kupiga picha, basi. Yeye alisimama kwenye majani, mwavuli umefungwa na mvua inamnyeshea, akautazama ule mnara mwekundu kwa muda ambao mimi ungenitosha kuumaliza mzunguko mzima.

"Hili halikuanguka," akasema. "Hili limebomolewa. Na aliyebomoa alikuwa anajua kazi."

Nikamuuliza anajuaje.

"Jengo likianguka lenyewe huanzia penye udhaifu. Penye dirisha, penye kona, pale fundi alipoibia chokaa. Huu umepasuliwa katikati kama papai. Tazama."

Nikatazama, na kwa mara ya kwanza nikaona. Mnara mkuu wa Bothwell ulijengwa duara kamili, upana wake kama mita 20 kutoka ukingo hadi ukingo, na ulisimama mita 27 hivi. Unene wa ukuta ni karibu mita nne na nusu, yaani ungeweza kulaza kitanda ndani ya ukuta na bado ukapita pembeni yake. Leo umebaki nusu tu. Upande wa uani bado umezunguka vizuri, mawe ya kuchonga yamepangwa kwa mistari iliyonyooka kiasi kwamba Ba'mdogo alitoa kalamu mfukoni na kuinyoosha mbele ya jicho kupima. Upande wa mto hakuna kitu. Pale ulipokatwa unaona utumbo wa ukuta: ngozi ya mawe mazuri nje, ngozi nyingine ndani, na katikati kifusi cha mawe ya ovyo kilichomwagiwa chokaa. Baadaye kuna watu walikuja wakaziba pengo kwa ukuta wa kawaida, ulionyooka, wa haraka. Ule ukuta wa kuziba Ba'mdogo hakuutazama mara mbili.

Usiku ule, yeye akiwa amelala, nilikaa nikasoma ni nani aliyeupasua. Tangu hapo kisa chenyewe kimenikaa kichwani, kwa sababu aliyeupasua alikuwa mwenye nyumba.

Nianze na aliyejenga. Mwaka 1242 ardhi ya Bothwell iliingia mikononi mwa Walter wa Moray, mtu wa ukoo mkubwa wenye asili ya kaskazini mwa Uskoti. Yeye, na baada yake mwanawe William, walitaka ngome ambayo Uskoti ilikuwa haijapata kuiona. Mfano inaelekea waliutoa Ufaransa. Mfalme wa Waskoti wa wakati ule, Alexander wa Pili, alikuwa amemwoa Marie, binti wa bwana wa Coucy, mwaka 1239, na kwao Coucy kulikuwa na mnara wa duara uliozidi yote Ulaya, mita hamsini na kitu kwenda juu. Mnara wa Bothwell unaonekana kuwa mdogo wake. (Wa Coucy haupo tena. Wajerumani waliulipua mwaka 1917 walipokuwa wakirudi nyuma. Kwa hiyo Bothwell, hata huo wa nusu, umemzidi kaka yake umri.)

Ulivyopangwa, mnara ulikuwa nyumba ndani ya ngome. Ulikuwa na handaki lake wenyewe lililochimbwa kwenye mwamba, likiutenga hata na ua wa ndani, ili adui akishaingia getini akute bado hajaingia. Kuufikia ulivuka kwa daraja la kuinuliwa. Mlango haukutazamana nawe: uliwekwa pembeni, nyuma ya ukuta uliochomoza kama mdomo wa ndege, na ukipita unakata kona ndani ya unene wa ukuta kabla hujaona chumba. Chini kabisa kulikuwa na kisima na ghala, juu yake ukumbi wa bwana, juu tena walinzi, na ghorofa ya mwisho chumba cha kulala cha bwana mwenyewe. Pembeni kuna kamnara ka choo na kingine cha gereza, chenye shimo la kumtupia mtu. Ba'mdogo aliulizia choo kabla ya kitu kingine chochote. Anasema fundi anajulikana kwa choo.

Lakini kilichomfurahisha zaidi kilikuwa kwenye majani. Upande wa kaskazini, nje ya kuta unazoziona leo, kuna mistari ya mawe ardhini: duara la mnara hapa, duara jingine kule, lango kubwa lenye minara miwili. Ni msingi. Ngome iliyokusudiwa ilikuwa kubwa maradufu kuliko iliyosimama. Walipiga msingi wote, wakapandisha mnara mkuu na kipande cha ukuta, na hapo kazi ikasimama. Ba'mdogo alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe na huku!" Kwetu viwanja vya namna hii vimejaa, msingi umepigwa, nondo zinaota kutu, mwenye kiwanja anasema mwakani.

Kwa akina Moray mwakani haukufika. Mwaka 1296 Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza aliivamia Uskoti, na William wa Bothwell, ambaye watu walimwita Tajiri, akachukuliwa mateka na kufia Uingereza bila utajiri wowote. Ngome ambayo haijaisha ikawekwa askari wa Kiingereza. Waskoti wakaja kuizingira, 1298 hadi 1299, miezi kumi na minne hivi, mpaka waliokuwa ndani wakashindwa kwa njaa. Hebu fikiria: nyumba ya Waskoti, iliyojengwa kwa pesa za Waskoti, na unene wote ule wa ukuta unawakinga Waingereza dhidi ya wenyewe.

Nilipomsimulia asubuhi, Ba'mdogo alisema neno moja tu huku akipaka siagi mkate. "Ukuta haumjui mwenyewe."

Edward aliitaka tena. Agosti 1301 alishamgawia mtu wake, Aymer de Valence, ngome ya Bothwell na ardhi zake, wakati Waskoti bado wamo ndani. Amegawa kitoweo, mnyama yu hai porini. Septemba akaenda kuwinda, na watu 6,800. Hapa kuna jambo ambalo kama mkazi wa Glasgow nalisimulia kwa aibu kidogo: mtambo uliotumika ulitengenezwa mjini kwetu. Ulikuwa mnara wa mbao wa kusukuma, mrefu, wenye daraja la kuangushia juu ya ukuta wa adui ili askari wavuke. Mafundi seremala waliujenga Glasgow kwa vipande, ukapakiwa kwenye mikokoteni 30, ukasafiri siku mbili hadi Bothwell. Leo treni haimalizi nusu saa. Malipo ya mafundi yalibaki yameandikwa kwenye hesabu za mfalme. Kabla mwezi haujaisha ngome ilikuwa imeanguka, na kwa miaka kumi na mitatu ikawa makao ya Aymer, aliyeendesha kusini mwa Uskoti kwa niaba ya Edward.

Kisha Juni 1314 Robert Bruce, mfalme wa Waskoti, akawapiga Waingereza huko Bannockburn. Katika kutimua mbio, kundi la watukufu wa Kiingereza, akiwemo bwana wa Hereford, Humphrey de Bohun, lilikimbilia Bothwell, likijua ngome iko mikononi mwao. Msimamizi wake, Walter mwana wa Gilbert, alikuwa Mskoti aliyekuwa akiwatumikia Waingereza. Akawafungulia, wakaingia, wakapumua. Halafu akafanya hesabu yake ya upande gani upepo unavuma, na akawakabidhi wote, pamoja na ngome, kwa ndugu wa Robert Bruce. Wazao wake ndio wakawa ukoo mkubwa wa Hamilton, na sitasema zaidi.

Huyo Hereford alikuwa mateka wa thamani. Bruce alimbadilisha na watu wake waliokuwa wamefungwa Uingereza miaka minane: mkewe Elizabeth, binti yake Marjorie, dada yake Christina, na askofu wa Glasgow ambaye alikuwa ameshapofuka. Mshike huyo Christina.

Maana kulikuwa na mtoto. Mwaka 1297, kabla ya hayo yote, kijana wa ukoo huu huu, Andrew wa Moray, alikuwa ameinua kaskazini yote dhidi ya Edward, akaungana na William Wallace, na tarehe 11 Septemba wakawashinda Waingereza kwenye daraja la Stirling. Wallace ndiye aliyechukua jina. Andrew alijeruhiwa siku ile na hakuuona mwaka mpya. Alimwacha mkewe mjamzito. Mtoto alizaliwa 1298, naye akaitwa Andrew, na kwa urithi Bothwell ni yake. Alikua bila baba, nyumba ya ukoo wake inakaliwa na wageni. Alipokuwa mtu mzima alimwoa Christina Bruce, yule yule aliyerudi nyumbani kwa sababu ya watu waliokamatwa ndani ya Bothwell.

Alipokufa Robert Bruce vita vilirudi. Andrew akachaguliwa msimamizi wa ufalme, kwa sababu mfalme mpya alikuwa mtoto na amefichwa Ufaransa. Upande wa pili alikuwa Edward wa Tatu, mjukuu wa yule wa kwanza. Vuli ya 1336 Edward alifika Bothwell, akaikuta imevunjwavunjwa, akakaa hapo na jeshi lake huku fundi wake mkuu, John de Kilburne, akiikarabati. Kabla ya Krismasi mfalme akaondoka, ameacha askari ndani na kuta zimesimama vizuri.

Mwanzoni mwa 1337 Andrew alikuja na mtambo wa kurusha mawe ambao jina lake limebaki: Bowstoure. Akaichukua ngome. Akiwa na miaka karibu arobaini, nyumba ya babu zake ilikuwa mikononi mwake na ndani hamna Mwingereza.

Akaamuru ibomolewe.

Hakufanya kwa hasira. Huo ulikuwa ndio mtindo wake wa vita, na alikuwa ameutumia ngome baada ya ngome: usibaki na kitu ambacho adui atakitumia kesho. Uskoti haikuwa na askari wa kutosha kuzilinda ngome kubwa, na Uingereza ilikuwa nao. Kila ngome iliyosimama ilikuwa kambi ya Waingereza inayosubiri wenyewe. Bothwell ilikuwa imeshathibitisha hivyo mara tatu. Kwa hiyo watu wake wakauchimba mnara upande wa magharibi, ule wa mtoni, na nusu nzima ikaporomoka kuelekea Clyde. Mwaka uliofuata Andrew akafa kwa ugonjwa huko kaskazini.

Nimesoma wanaoliita tendo hilo la kikatili kwa jengo. Mimi nadhani wanaosema hivyo hawajawahi kuwa na nyumba inayokaliwa na mwingine. Ba'mdogo, ambaye amejenga nyumba za watu miaka arobaini na yake aliimaliza juzi, alikuwa na jambo moja tu la kuuliza: alisimama wapi wakati unaanguka? Sikuwa na jibu. Yeye aliona angesimama uani, upande wa kisima, kwa sababu upande wa mto vumbi lingemla.

Yaliyofuata nitayapita haraka. Mwaka 1362 mrithi wa kike wa mwisho, Joanna wa Moray, mjane kijana, aliolewa na Archibald Douglas, aliyeitwa Archibald wa Sura ya Kutisha. Huyo na mwanawe ndio waliorudisha ngome: ukumbi mkubwa, kanisa dogo, minara ya upande wa mashariki, karibu kila kitu kizuri unachokiona ukiingia leo. Hawakujaribu kuurudisha mnara mkuu ulivyokuwa, wala hawakujenga juu ya ule msingi wa kaskazini. Walipunguza kiwanja. Akina Douglas nao walinyang'anywa mwaka 1455 na mfalme, na ngome ikapita mkono hadi mkono, mpaka mwishoni mwa karne ya 17 bwana wa Forfar alipoona ni rahisi zaidi kuchukua mawe yake na kujijengea jumba la kisasa karibu na hapo. Jumba lile halipo. Chini yake walichimba makaa ya mawe, ardhi ikatitia, na mwaka 1926 likabomolewa. Gofu likabaki peke yake tena.

Baba yake huyo Archibald, Sir James Douglas, alipewa na Robert Bruce, Bruce akiwa kitandani mwa mauti, kazi ya kuubeba moyo wake na kuupeleka vitani dhidi ya Waislamu. Aliufikisha Hispania, akafa nao mwaka 1330, na moyo ukarudishwa Uskoti. Ndiyo maana nembo ya akina Douglas ina moyo mwekundu. Nilipomweleza Ba'mdogo, tumekaa kwenye benchi mbele ya ukuta wao tukila biskuti za karameli za Tunnock's (kiwanda kiko Uddingston, mji wa jirani, alisema tamu ila nyembamba), alinyamaza, halafu akageuka kutazama upande wa Blantyre. Wale wetu, akasema, walifanya kinyume. Moyo waliuacha.

Kweli. Chuma na Susi waliuzika moyo wa Livingstone chini ya mti pale Chitambo, na mwili wakaukausha wakaubeba.

Na huyo Livingstone, ngome hii aliijua. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mvulana wa kiwandani alikuja kupanda gofu hili, akafika juu zaidi ya mvulana mwingine yeyote, na akachonga jina lake huko. Ukubwani, mwaka 1855, alichonga herufi za jina lake kwenye mti pale maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yaani Victoria, na akaandika kitabuni kwamba hiyo ndiyo mara pekee aliyowahi kujiruhusu majivuno ya namna hiyo. Ba'mdogo alicheka kuliko alivyocheka kwenye msingi. Akaanza kulitafuta hilo jina, kichwa amekiinua, kiganja juu ya macho, ukuta mmoja baada ya mwingine. Majina yapo mengi, ya watu wa miaka mia mbili. La Livingstone hatukuliona.

Kabla ya kuondoka akanisukuma kwa yule mama anayekata tiketi. "Muulize, nusu nyingine iko wapi."

Nikauliza. Yule mama akanyoosha kidole chini, mtoni.

Sikutaka ateremke, njia ilikuwa na tope na viatu vyake vya msikitini. Aliteremka. Nilimkuta kwenye ukingo, suruali ameikunja mara moja, anatazama maji ya kahawia yakipita juu ya mawe. Mawe yalikuwa mengi, yote mekundu, yote yana ukoga.

"Lile pale," akasema, akinionyesha. "Linalofuata na lile. Unaona kona?"

Niliona mawe.

"Kona ile mto hauwezi kuitengeneza," akasema, na akabaki pale mpaka nikamkumbusha treni.